Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wetu: weka pembeni futi kamba

Kwako Afisa Michezo,

Shikamoo Mwalimu. Nakuita Mwalimu kwa sababu mtaani bado tunakuita hivyo hata baada ya kuhamia ofisini. Hatujawahi kukaa tukaongea, ila nadhani sura yangu unaifahamu: mimi ni yule mrefu anayesimama nyuma ya goli la kikapu jioni, anayewarudishia watoto mpira ukivuka barabara. Msimu wa korosho nashinda ghalani, msimu ukiisha natengeneza simu. Katikati ya hayo yote nafuatilia mpira wa kikapu wa Marekani kuliko mke wangu anavyopenda.

Nimeamua kuandika wazi, si kwa bahasha, kwa sababu tupo wengi tunaobishana jambo hili kila jioni na ningependa wote wasome ninachokuomba. Siku si nyingi shule zitaleta watoto wachujwe kwa ajili ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Timu ya kikapu itachaguliwa. Najua inavyochaguliwa, maana niliwahi kuchaguliwa.

Naomba nianzie mbali kidogo. Usiku wa tarehe 25 Juni 2009, huku kwetu ikiwa tayari alfajiri ya 26, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliitwa jina New York. Alikuwa wa pili kuitwa kwenye drafti ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na timu iliyomchukua ni Memphis Grizzlies. (Wazee wangu, sisemi ile drafti yenu ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Hii ni siku ambayo timu zote za NBA zinachagua vijana kwa zamu, duru mbili, na timu zilizofanya vibaya ndizo zenye nafasi kubwa ya kuchagua mapema.) Mtanzania wa kwanza kufika huko. Redio ilipotangaza asubuhi, nilikuwa kidato cha pili, nilitembea hadi shule nikijiona nimeongezeka inchi mbili.

Mwaka uliofuata kila mwalimu wa michezo alikuwa anatafuta Thabeet wake. Shuleni kwetu tulipangwa kwenye ukuta wa darasa. Mwalimu alichora mstari kwa chaki, akasema kichwa kikivuka mstari simama kulia, kisipovuka rudi darasani. Mimi nilivuka kichwa na shingo. Rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja alipungua vidole vinne. Yule bwana alikuwa anadunda mpira kwa mikono yote miwili huku anakuelezea hesabu ya jana, na mpira hautazami. Akarudi darasani. Mimi nikapewa jezi.

Mechi ya kwanza, pasi ya kwanza niliyopigiwa ilinikuta na pua. Sikuwa nimewahi kudaka mpira unaokuja kwa kasi ile. Nilicheza dakika sita mashindano yote, na tulifungwa mpaka mwandika pointi mezani akaona aibu kututazama usoni. Kwa hiyo Mwalimu, ninapolalamikia watoto kuchaguliwa kwa urefu, sisemi kwa wivu wa mfupi. Mimi ndiye yule mrefu.

Sasa turudi Memphis, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Ukitaja Thabeet kijiweni, lazima mtu acheke. Atakwambia aliyefuata baada yake, wa tatu, alikuwa James Harden, na wa saba alikuwa Stephen Curry. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba msimu wake wa kwanza alifunga wastani wa pointi 3.1 kwa mechi, na kabla msimu haujaisha Memphis walimpeleka ligi ya chini akapate dakika. Mwaka 2011 wakamtoa kwenda Houston.

Lakini kijana hajichagui. Waliomchagua ndio wa kuulizwa. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol anayecheza nafasi ileile, senta. Huyo Gasol mwaka 2007 aliitwa wa 48, karibu na mkia, na mwaka 2013 akawa mlinzi bora wa ligi nzima. Yaani nyumba ina jiko linalowaka vizuri, ukaenda sokoni na hela yote ukanunua jiko la pili kwa sababu ni kubwa. Thabeet mwenyewe alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Chuoni Connecticut alikuwa kiboko wa kuzuia mipira, na alichaguliwa mlinzi bora wa ligi yao mara mbili. Alihitaji miaka, akapewa miezi.

Na dalili zilikuwepo kwa aliyetaka kuziona. Februari ile ya 2009 Connecticut walicheza na Pittsburgh. Thabeet, futi 7 na inchi 3, alikabwa na DeJuan Blair, futi 6 na inchi 7 tu. Blair aliondoka na pointi 22 na ribaundi 23, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka yeye, na katika kugombea mpira mmoja alimpindua Thabeet juu ya bega lake kama mtu anayeshusha gunia. Miezi minne baadaye mrefu aliitwa wa pili, na Blair akasubiri mpaka wa 37. Magoti ya Blair yaliwatia watu wasiwasi, hilo nalikubali. Ila mechi ile kila mtu aliitazama, kisha siku ya kuchagua wakashika futi kamba.

Nikueleze kazi yangu ya ghalani, utanielewa vizuri zaidi. Mzigo wa mkulima ukifika hatununui kwa macho. Tunachota korosho kidogo kutoka gunia hili na lile, juu, katikati na chini, tunazichanganya, tunapima kilo moja. Halafu tunazikata moja moja. Unaibana kwenye kisu, unashusha mkono, inapasuka vipande viwili, na mafuta ya ganda yakikugusa ngozi utayakumbuka wiki nzima. Ndani ndipo ukweli ulipo. Kuna korosho kubwa, nzito machoni, ganda linang'aa, ukiikata unakuta kiini kimesinyaa kama kidole kilichokaa majini. Kuna nyingine ndogo imejaa mpaka kiini kinagoma kutoka. Tunachopima mwisho ni kiini, kwamba gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za kuliwa. Hakuna mnunuzi atakayekulipa kwa ukubwa wa ganda. Mkoa mzima unaishi kwa kanuni hii kuanzia Oktoba, halafu ikifika zamu ya watoto tunapima maganda.

Timu ninayoipenda mimi ni Oklahoma City Thunder, na sababu ni hiihii. Wana bwana mmoja anaitwa Sam Presti, ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye uchaguzi wao. Mwaka 2008 alimchukua Serge Ibaka wa Kongo Brazzaville, akiwa wa 24, kisha hakumharakisha. Alimwacha Hispania msimu mzima akomae, ndipo akamleta. Misimu miwili mfululizo, 2012 na 2013, hakuna aliyezuia mipira kwa wastani mkubwa kuliko Ibaka. Alipata alichonyimwa Thabeet. Na ukipenda visa, sikiliza hiki: Harden aliyeitwa nyuma ya Thabeet alikwenda Oklahoma, na mwaka 2012 timu ileile ikamsajili Thabeet kiangazi, halafu Oktoba ikamuuza Harden. Sijawasamehe hilo la Harden mpaka leo.

Baadaye walivunja timu wakaanza na watoto. Msimu wa 2020/21 walishinda mechi 22 kati ya 72. Uliofuata, 24 kati ya 82. Hapa mtaani nilikuwa natajwa kwa masihara, "timu yako imefungwa ngapi leo?" Drafti ya 2022 ndiyo iliyonifunga mdomo na kunifungua macho. Wa pili walimchukua Chet Holmgren, mrefu, mwembamba kama mnazi mchanga. Akaumia mguu kabla hata msimu haujaanza, mwaka mzima hakucheza. Wakakaa wakamsubiri. Wa 12 wakamchukua Jalen Williams kutoka chuo cha Santa Clara, ambacho mimi nilikuwa sijawahi kukisikia. Huyu ndiye ninayetaka umkumbuke. Alipokuwa sekondari alikuwa mfupi, kwa hiyo alicheza kama wafupi wanavyocheza: kudunda, kupiga pasi, kusoma uwanja. Urefu ukaja nyuma, ukamkuta mikono tayari inajua kazi. Kwenye fainali za 2025 alifunga pointi 40 katika mechi moja.

Na Luguentz Dort, ambaye mwaka 2019 majina yote 60 yalisomwa lake likakosekana, ndiye aliyekuwa anakabidhiwa mfungaji hatari wa timu pinzani. Mechi ya saba ya fainali hizo, dhidi ya Indiana, ilianza saa tisa usiku kwetu, tarehe 23 Juni. Bando langu lilikata robo ya tatu, nikamwamsha jirani anirushie intaneti, naye akanirushia pamoja na matusi. Oklahoma 103, Indiana 91. Mabingwa.

Sitaki nikudanganye kwamba kusubiri ni dawa ya kila kitu. Mwaka 2020 Oklahoma hao hao walipata Aleksej Pokusevski, wa 17, futi saba na mikono mirefu. Walimpa muda, walimpa dakika, hakukomaa, mwisho wakaachana naye. Korosho nyingine hata uianike vipi kiini hakiongezeki. Ila angalau waliikata wakaona ndani.

Mwalimu, sasa nije kwa kilichonifanya nikae na kalamu. Kwenye kiwanja chetu kuna binti wa kidato cha pili. Anafika kwenye mfuko wa shati langu. Anacheza peku, kandambili kaziweka chini ya nguzo, na mpira wenyewe umechubuka mpaka hauna tena vile vipele vya kushikia. Kila mtoto pale hutazama mpira. Yeye hutazama miguu ya anayepiga pasi. Mwenzake kabla hajaachia, binti kashasogea hatua moja, na mpira unamkuta yupo. Wiki iliyopita nilihesabu, maana ndiyo tabia yangu ya ghalani: pasi kumi na nne zilimwendea zikiwa mbovu, alidaka kumi na mbili. Mwaka jana alijaribu bahati yake kwenye mchujo, mtu mmoja akamwambia arudi akirefuka. Arefukie wapi, Mwalimu? Kwao hakuna mpira wala goli. Akiachwa tena mwaka huu nadhani hatarudi, na akifikisha urefu huo tutakuwa na binti mrefu asiyejua kudaka. Mmoja wa aina hiyo tunaye tayari, ndiye anayekuandikia.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mchujo usiwe wa asubuhi moja. Wape siku tatu, wagawe watatu kwa watatu nusu uwanja, goli moja linatosha, na uwachanganye shule ili asiwepo wa kubebwa na rafiki zake. Warefu wachukue, sijasema uwaache. Kikapu kipo juu na hakuna atakayekishusha. Lakini kati ya nafasi kumi na mbili, mbili ziwe za watoto wa kidato cha kwanza na cha pili ambao mwaka huu hawatakupa kitu. Wasafiri, wakae benchi, wabebe maji, waone. Mwaka 2019 mashindano ya taifa yalipokuja hapahapa Mtwara, nilijifunza mengi kwa kukaa pembeni tu na kutazama kuliko kwenye zile dakika zangu sita. Na majina ya wanaoachwa yaandikwe kwenye daftari, pamoja na sababu, daftari libaki ofisini hata wewe ukihamishwa. Oklahoma wanaweza kumngoja mtu kwa sababu wanajua wanamngojea nini. Sisi kila mwaka tunaanza upya kama watu waliopoteza ufunguo.

Gharama ya daftari nitalipa mimi. Korosho bado, nina nafasi, na filimbi ninayo.

Tunaanza saa kumi na nusu jua likipungua makali. Jumamosi hii rafiki yangu wa dawati anakuja kutoka Mikindani, ambako siku hizi anashona nyavu. Nimemwomba awafundishe watoto kudunda kwa mkono wa kushoto. Yeye hutamwona haraka, ni mfupi, atakuwa ameketi kwenye kivuli akiongea na watu. Ukimtambua usimsalimie kwanza. Mrushie funguo za pikipiki yako akiwa anatazama kwingine.

Wako,
Mshabiki wa kikapu, Mtwara