Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Malindi

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Usafi wa ufuo, ziara za shule, miche ya bustani: yote yalifanyika, mnayajua. Nije kwenye lile lililotafunwa barazani mwaka mzima, la mijusi wa kijani wa Pemba.

Tuliahidiwa sita, tuwafuge kizimbani. Niliwakataa, na nitawakataa tena. Mjusi huyu, Phelsuma parkeri, asili yake ni Pemba peke yake, minazini na migombani. Jamii yote ya Phelsuma imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kuwavusha mpaka kwataka kibali cha kule watokako. Aliyetuahidi alikuwa na tenga, karatasi hana.

Wengine walisema kizimba si kazi. Ni kazi. Cha kioo, kwa jua letu hili, huwa tanuri kabla ya adhuhuri, tena kioo huzuia ile miale inayojenga mifupa. Kinatakiwa cha wavu, kirefu kwenda juu, na matundu madogo, la sivyo kitoto kimetoka. Dume mmoja kwa kila kizimba, maana wawili hung'atana. Utamjua kwa safu ya vitundu vya nta chini ya mapaja. Kumshika mkononi hapana, ngozi huchunika. Jike hutaga mayai mawili ya ganda gumu, na akiba ya kalsiamu huiweka kwenye vifuko vya shingoni. Wadudu anaolishwa wasipopakwa unga wa kalsiamu, vifuko husinyaa, taya hupinda. Unga huo angeununua nani? Wanachama 46, waliolipa ada 13, makusanyo shilingi 15,600, matumizi 14,950.

Na wakitoroka? Tunaye mjusi wetu mdogo wa kichwa cha manjano, mwenye vinato vya kushikia mti hadi ncha ya mkia, nao wangegombania naye: mnazi uleule, wadudu walewale, mchana uleule. Mauritius mjusi wa nyumbani kutoka Asia aliingia na vyombo vya baharini, akawasukuma wenyeji. Leo vijusi vya kienyeji vya kule, vya jamii ya Nactus, vimebaki visiwa vya pembeni tu.

Kuhusu akidi ya kamati siku ile ya kuwakataa mijusi: ni watano kati ya tisa, tulikuwa wanne. Nilingoja saa mbili nzima nikipiga simu. Waliolalamika baadaye ndio ambao hawakupokea, na mwenye mijusi alitaka jibu kabla chombo hakijang'oa nanga.

Mwakani, Inshallah, tutaongeza migomba, na pengine twende Pemba tukawaone wakiwa kwao, fedha zikipatikana. Mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha risiti.