Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wavunaji Chumvi

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Matuta yalizibwa kabla ya msimu, majaruba ya kukaushia maji ya bahari yakatolewa tope, mbao za milango ya maji zikabadilishwa, na maji ya bamvua, yale makuu ya bahari, tuliyaingiza kila mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kamati ilikaa vikao 7. Mengine yamo kwenye daftari la katibu.

Nije kwenye maji machungu, yale yanayobaki chumvi ikishashuka, maana maneno yamekuwa mengi. Kamati iliamua, na mtoa hoja ni mimi, kwamba jaruba la mwisho lisikaushwe hadi tone la mwisho. Maji yanayobaki yafunguliwe yaende zake. Wapo waliosema mwenyekiti anamwaga chumvi ya watu. Jamani! Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, lakini si zote za kula. Jasi hutangulia kushuka, ndiyo maana tunayahamisha maji jaruba hadi jaruba. Chumvi yetu huanza kushuka maji yakibaki kama sehemu moja ya kumi, kipimo cha uzito wa maji kikisoma digrii 25 au 26 za Baumé; maji yakizidi chumvi, digrii hupanda. Ukiyaacha yapite 30, chumvi za magnesi nazo zinaingia. Hizo ndizo zenye uchungu, na ndizo zinazovuta unyevu wa hewani.

Mwaka jana mliona ghalani. Mvua haijanyesha, lakini magunia yanatiririka na sakafu imelowa. Nilitia mkono kwenye gunia moja nikatoka na rojo. Nilipoionja, uchungu ulinikaa kooni hadi jioni. Magunia 40 yalirudishwa, na aliyesimama mbele ya mnunuzi kuomba radhi ni mimi, si hao wanaosema. Mwaka jana tulivuna magunia 345, mwaka huu 310, hilo sikatai. Ila toeni yale 40 muone kipi kikubwa. Mwaka huu halikurudi hata moja. Uamuzi huu nitausimamia.

Mahudhurio yananiumiza. Tuko wanachama 58, akidi ni 30, na mkutano uliopita walifika 17. Hoja hii ilikuwa kwenye ajenda siku hiyo; wasiofika ndio waliokuja kuipinga juu ya matuta. Ada hawajalipa 31, kati yao 9 ni mwaka wa pili. Tuta la upande wa mikoko lilipobomolewa na bamvua, lilijengwa kwa ada za wachache, na maji yakaingia kwa wote. Kipimo cha maji nilikinunua kwa fedha yangu. Risiti anayo mweka hazina, na bado sijarudishiwa.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kuinua sakafu ya ghala, na hali ikiruhusu tupate mafunzo ya kuchanganya madini joto.

Naomba taarifa hii ipokewe na ijadiliwe.

Mwenyekiti