Maneno "umri wa akili" yaondolewe kwenye ripoti za watoto wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jinsi karatasi moja ilivyobadilisha maisha ya nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga. Mpwa wangu ana miaka 16 na ana ulemavu wa akili, hilo hatulikani. Mwaka jana alipelekwa kupimwa akili, akarudi na ripoti iliyosema kwamba umri wake wa akili ni wa mtoto wa miaka 6, yaani alijibu maswali ya kipimo kama mtoto wa kawaida wa umri huo.

Kabla ya hapo, kila jioni alikuwa akikaa uani na bibi yake, beseni mbele yake na kisu mkononi, akipara vibua na kuvitumbua bila kupasua nyongo, kazi aliyojifunza kwa muda mrefu. Alikuwa akitumwa dukani na kurudi na chenji kamili. Ripoti ilipokuja, bibi alikichukua kisu, kwa kuwa mtoto wa miaka 6 hapewi kisu, na dukani akaanza kutumwa mdogo wake. Hakuna aliyemchukia. Wote wanampenda, na kwa mapenzi hayohayo wakamrudisha utotoni.

Kipimo cha namna hii kilianzia Ufaransa mwaka 1905, pale wanasaikolojia Alfred Binet na Théodore Simon walipotunga maswali ya kuwatambua wanafunzi waliohitaji msaada zaidi, na Binet mwenyewe alipinga wazo kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezeka. Kilipovuka kwenda Marekani kikageuzwa kuwa hukumu: mwanasaikolojia Henry Goddard alikitumia kuwapanga watu katika madaraja yenye majina ya kudhalilisha, na mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaruhusu mwanamke aitwaye Carrie Buck afungwe kizazi kwa kuwa aliitwa punguani. Mwaka 1973 chama cha wataalamu hukohuko kilishusha mpaka wa ulemavu huu kutoka alama zipatazo 85 za kipimo cha akili hadi 70, na watu wengi wakaacha kuhesabiwa kuwa na ulemavu ilhali wao wenyewe hawakuwa wamebadilika chochote.

Sitaki vipimo vifutwe, maana bila kupimwa mpwa wangu asingepata nafasi katika kitengo cha elimu maalumu. Ninachoomba ni kwamba wataalamu wetu waandike anachomudu mtoto, anachoshindwa, na msaada gani umsogeze mbele. Hata mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, tangu toleo la 2013, hupima uzito wa ulemavu huu kwa jinsi mtu anavyomudu maisha ya kila siku badala ya alama. Nawaomba pia waandishi wako waache kumwita mtu mzima "mwenye akili ya mtoto".

Sisi tumemrudishia kisu. Bibi sasa huketi kando yake akimwangalia, jambo ambalo tungelifanya tangu siku ya kwanza kama ripoti ingetuelekeza hivyo.

Mjomba wa kijana,
Ngamiani, Tanga