Chumba cha dola 75 mjini Accra kilicholipiwa dola 138: barua ya malalamiko kwa kampuni ya kuhifadhi vyumba

Ofisi ya Uratibu wa Safari za Mafunzo,
Dar es Salaam.

7 Julai 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Kuhifadhi Vyumba vya Hoteli.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOZWA ZAIDI YA BEI YA VOCHA NA TAARIFA ZISIZO SAHIHI, HOTELI YA ACCRA, 16–20 JUNI 2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 27 Machi 2025 tulihifadhi kupitia kwenu vyumba 6 katika hoteli ya daraja la kati mjini Accra, kuingia Jumatatu 16 Juni na kutoka Ijumaa 20 Juni, kwa ajili ya washiriki wa mafunzo yaliyofanyika Accra International Conference Centre. Vocha yenu inasema dola 75 kwa chumba kwa usiku mmoja, kodi na tozo zote zikiwemo, pamoja na kifungua kinywa, malipo yafanyike hotelini siku ya kuondoka. Ankara iliyotolewa asubuhi ya 20 Juni kwa vyumba 5 ilikuwa cedi (fedha ya Ghana) 28,574.25. Kwa bei ya vocha, na kwa kiwango cha cedi 10.30 kwa dola ambacho benki yetu ilitumia siku hiyo hiyo, ilipaswa kuwa cedi 15,450. Tunadai tofauti hiyo, cedi 13,124.25, sawa na dola 1,274.20. Tunadai pia dola 75 mlizokata kwenye kadi yetu kwa chumba cha sita, kilichofutwa kabla ya muda kwisha.

Tuanze na ankara, kwa kuwa ndipo penye fedha nyingi na ndipo penye kosa ambalo litawaumiza wateja wengine msipolirekebisha.

Kila anayepanga malazi Accra anajua kwamba hoteli nyingi hutaja bei kwa dola huku malipo yakifanyika kwa cedi. Chini ya Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 2006, Benki Kuu ya Ghana inakataza biashara kutoza na kutoa risiti kwa fedha za kigeni bila kibali, hivyo hatuna ugomvi na hoteli kutuandikia cedi. Mwenye vocha ya dola anachohitaji kujua ni dola itahesabiwa kuwa cedi ngapi, na kwa kiwango cha siku gani. Mwaka huu jambo hilo limekuwa zito kuliko kawaida. Mwezi Machi dola moja ilikuwa karibu cedi 15.50. Kuanzia Aprili cedi ilipanda thamani kwa kasi kubwa, na mwisho wa Mei dola ilikuwa imeshuka hadi karibu cedi 10.30.

Vocha mliyotupa sisi inataja dola. Nakala mliyoituma hotelini inataja cedi. Mhudumu wa mapokezi aliifungua kwenye kompyuta mbele ya washiriki na kuwaruhusu kuipiga picha (kiambatisho cha 2). Imeandikwa "GHS 1,162.50 kwa usiku, kabla ya kodi". Gawanyeni kiasi hicho kwa 75 mtapata 15.50 kamili. Yaani programu yenu iligeuza dola kuwa cedi siku ya kuhifadhi, ikaigandisha hesabu hiyo, ikafuta neno la kwamba kodi zimo, na kuipeleka hotelini bila kutaja dola popote. Hoteli iliingiza ilichopokea, na programu yake ya mapokezi ikaongeza kodi juu, kama ilivyoelekezwa.

Kodi zenyewe ziliongezwa hivi. Juu ya cedi 1,162.50 kulikuwa na tozo tatu: asilimia 2.5 ya bima ya afya ya taifa, asilimia 2.5 ya mfuko wa elimu na asilimia 1 ya COVID-19. Jumla ni cedi 69.75, na bei inafika 1,232.25. VAT ya asilimia 15 ilipigwa juu ya jumla hiyo mpya, si juu ya bei ya mwanzo, ndiyo maana mzigo wote ulikuwa asilimia 21.9 badala ya 21 ambayo mtu angepata kwa kujumlisha tu. VAT hapo ni cedi 184.84. Kisha kuna asilimia 1 ya tozo ya utalii, cedi 11.63. Mwisho wa hesabu chumba kimefika cedi 1,428.71 kwa usiku, ambazo kwa kiwango cha siku ya malipo ni dola 138.71. Katika tofauti tunayodai, cedi 7,800 zimetokana na kiwango cha zamani na cedi 5,324.25 ni kodi ambazo vocha inasema zilikwishahesabiwa ndani ya dola 75.

Hatumlaumu mhudumu. Alikuwa na karatasi moja na sisi tuna nyingine, na zote mbili zimetoka kwenu. Cedi ingeshuka badala ya kupanda, kama ilivyotokea mwaka 2022, mwenye hasara angekuwa mwenye hoteli, na huyo angefunga mlango hadi alipwe kwa kiwango kipya. Mpango unaomuumiza mgeni au hoteli kutegemea upepo wa soko la fedha haufai kuitwa bei iliyothibitishwa.

Washiriki walilipa kwa sababu walikuwa na ndege ya kuwahi na hoteli haikuwa tayari kuwaachia bila malipo kamili. Kabla ya kuingiza namba ya siri ya kadi, waliandika kwa mkono kwenye nakala ya ankara, "Tunalipa huku tukipinga kiasi, bei ya vocha ni dola 75, kodi zikiwemo", kwa Kiingereza, wakaweka saini na mhudumu akagonga muhuri. Hicho ni kiambatisho cha 3. Siku hiyo hiyo tuliwaandikia. Mlitujibu tuzungumze na hoteli. Hoteli ilitujibu tuzungumze na kampuni iliyotuma uhifadhi. Tumepigwa danadana hivyo hadi leo, na ndiyo sababu barua hii inakuja kwako badala ya kwenda tena kwenye dirisha la ujumbe.

Kuhusu chumba cha sita: sharti lenu linasema kufuta ni bure hadi saa 12 jioni ya tarehe 14 Juni, kwa saa za hoteli. Accra iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu mwaka mzima. Saa 12 jioni ya Accra ni saa 3 usiku kwetu. Tulifuta saa 1:20 usiku, na barua pepe yenu ya uthibitisho inaonyesha muda huo. Kwa Accra ilikuwa saa 10:20 jioni, zaidi ya saa moja na nusu kabla ya mwisho. Hata hivyo mlikata usiku wa kwanza, dola 75, kwa maelezo kwamba "muda umepita". Ni wazi mfumo wenu ulisoma saa ya simu iliyotumika kufuta na kuilinganisha na saa ya hoteli bila kuweka tofauti ya saa tatu. Hapa hakuna la kujadiliana. Ushahidi ni barua yenu wenyewe.

Sasa eneo. Ramani kwenye ukurasa wenu inaweka hoteli hiyo Osu, "dakika 10 kutoka ukumbi wa mikutano". Osu kweli iko jirani na ukumbi huo, ambao hauko mbali na Independence Square, na ndiyo sababu tuliichagua. Hoteli yenyewe iko kwenye kichochoro kinachoingia kutoka Spintex Road, upande wa mashariki, zaidi ya kilomita 12 kutoka ukumbini. Asubuhi gari linalotoka huko linalazimika kupita Tetteh Quarshie Interchange, pamoja na kila anayetoka Tema na Legon, kisha lishuke kupitia Hospitali ya Jeshi ya 37. Asiyetoka kabla ya saa 12:30 asubuhi hana uhakika wa kufika saa 2. Na Juni ndio mwezi wa mvua kubwa Accra. Mafuriko ya tarehe 3 Juni 2015, pamoja na mlipuko wa kituo cha mafuta pale Kwame Nkrumah Circle, yaliua watu zaidi ya 150. Anayempangia mgeni malazi katika mji huo mwezi huo huangalia kwanza njia na mitaro, halafu ndipo aangalie bei. Mkimpa alama ya ramani iliyo upande mwingine wa mji, kazi yake yote inaharibika. Ghana ina anwani za kidijitali za GhanaPostGPS tangu Oktoba 2017. Kila jengo lina namba yake inayoanza na herufi ya mkoa na ya wilaya. Kuidai namba hiyo kwa kila hoteli na kuiandika kwenye vocha ni kazi ya dakika chache, na dereva wa Bolt au Uber anaifuata bila kupiga simu tatu.

Mlitangaza pia "usafiri wa bure kutoka uwanja wa ndege". Hakuna gari lililokuja Kotoka, Terminal 3. Hoteli inasema hutuma gari ikipewa namba ya ndege na saa ya kutua angalau saa 24 kabla. Sharti hilo ni la haki, ila fomu yenu haina mahali pa kuandika namba ya ndege, na ujumbe wa "maandalizi ya safari" mliotutumia siku tatu kabla haukulitaja. Ulitangaza magari ya kukodi. Haukutaja hata cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho kila anayeingia Ghana mwenye umri wa zaidi ya miezi 9 hukaguliwa, na ambacho huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Washiriki wetu walikuwa nacho. Mteja anayewategemea ninyi peke yenu angekwama uwanjani.

Jenereta inastahili maelezo zaidi. Mmeandika "umeme wa uhakika saa 24". Usiku wa 17 Juni umeme ulikatika saa 4 na kurudi saa 11 alfajiri. Kwa mji uliozoea dumsor, yaani umeme wa kukatika na kurudi, hilo si ajabu, na ndiyo maana tuliulizia jenereta kabla ya kulipa. Iliwaka ndani ya dakika moja. Taa, soketi na intaneti vikafanya kazi, viyoyozi havikuwaka. Kibao cha jenereta hiyo (kiambatisho cha 5) kinasomeka kVA 30, yaani takriban kilowati 24 za kutumika. Hoteli ina vyumba 32, kila kimoja na kiyoyozi cha nguvu-farasi 1.5 kinachokula kati ya kilowati 1.1 na 1.3. Vikiwaka vyote ni kilowati 35 hadi 42, kabla ya pampu ya maji na majokofu ya jikoni, na kompresa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Fundi wa hoteli alifanya vyema kuitenga laini ya viyoyozi. Angeiacha, jenereta ingezimika na kila kitu. Hoteli ya ukubwa huo inahitaji kVA 60 kwenda juu. Chumba kisipokuwa na kiyoyozi dirisha linafunguliwa, na madirisha yale hayana wavu wala vitanda havina chandarua, katika mji wenye malaria mwaka mzima. Ulizeni hoteli swali moja tu kabla ya kuandika maneno yale: je, jenereta inabeba viyoyozi vya vyumbani?

Kifungua kinywa kilianza saa 1 asubuhi, wakati washiriki wamekwishaondoka kwa sababu ya umbali tulioueleza. Walikunywa hausa koko (uji wenye viungo) na kula koose (bagia za kunde) barabarani, chakula kizuri na cha bei nafuu, lakini kifungua kinywa cha hoteli kilikuwa ndani ya bei. Hatukidai. Tunataka saa za kifungua kinywa ziandikwe. Vivyo hivyo nyota: ukurasa wenu unaonyesha 3, leseni ya Mamlaka ya Utalii ya Ghana iliyotundikwa mapokezi inaonyesha 2. Andikeni ya leseni.

Tunaomba dola 1,349.20 zirudishwe kwenye kadi iliyotumika, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii: dola 1,274.20 za ankara na dola 75 za chumba cha sita. Mkiona sehemu ya fedha za ankara ni ya kudaiwa hoteli, idaini ninyi, kwa kuwa mkataba wenu na hoteli sisi hatuujui. Tunaomba pia maandishi yanayothibitisha kwamba nakala inayokwenda hotelini itabeba dola ile ile ya mteja, ikitaja kama kodi zimo, na kwamba ubadilishaji utafuata kiwango cha Benki Kuu ya Ghana cha siku ya malipo. Tuna kundi jingine linalokwenda Accra mwezi Oktoba, na hatutahifadhi kwenu hadi maandishi hayo yafike.

Tusipopata jibu ifikapo Jumatatu 28 Julai 2025, siku hiyo hiyo tutawasilisha benki yetu maombi ya kurudishiwa fedha za kadi kwa miamala yote miwili, tukiambatisha vocha, nakala ya hotelini na ankara yenye muhuri.

Wako mwaminifu,

Mratibu wa Safari

Nakala: Mhasibu wa ofisi, Meneja wa hoteli husika, Accra