Kwa mdogo wangu anayetafuta ushauri wa kazi ukubwani

Mdogo wangu,

Umeniuliza uende kwa nani akushauri kuhusu kazi, na ukaongeza kwamba kwa umri wako unaona aibu. Aibu hiyo iweke kando. Frank Parsons, aliyeanzisha ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston mwaka 1908, aliacha hatua tatu zinazotumika hadi leo: jijue, zijue kazi, kisha pima moja kwa nyingine kwa akili iliyotulia. Hakuna hata moja yenye umri. Mtu mzima hukwama kwenye ile ya kwanza, kwa sababu anaamini anajijua tayari.

Kwa hiyo kabla hujatafuta mshauri, tafuta kinachokuchosha. Ni kazi yenyewe, ni mahali unapoifanyia, au ni masharti yake kama saa, mshahara na umbali? Chukua daftari, na kwa siku 10 za kazi andika kila jioni mistari mitatu: nilifanya nini, kilinipa nguvu au kilininyong'onyeza, nilikuwa na nani. Usiandike "siku mbaya". Andika "nilikagua ankara kwa muda wa saa mbili, bosi amesimama nyuma yangu". Siku ya kumi zisome zote kwa mkupuo. Ikiwa kila kilichokunyong'onyeza kina jina la mtu yuleyule, shida ni mahali, na fani yako haina kosa. Watu huacha fani nzima kwa kumkimbia bosi mmoja, wakaanza upya chini kabisa, na huko wakakutana na bosi wa aina ileile.

Majaribio ya kujipima yana faida yake ukijua mipaka yake. Yale yanayofuata makundi sita ya mapendeleo ya kazi yaliyopangwa na mwanasaikolojia John Holland ni mwanzo mzuri. O*NET, mfumo wa taarifa za kazi wa Wizara ya Kazi ya Marekani, ina jaribio la bure la maswali 60, kwa Kiingereza. Linapima unachopenda, halipimi unachoweza. Kosa la watu wazima hapa ni kujibu kwa mazoea: umefanya hesabu miaka mingi, basi unaandika unapenda hesabu. Swali likikuuliza kama ungependa kufanya jambo fulani, sahau mshahara na cheti, jibu kwa moyo. Ukipewa orodha ya kazi, usiishie kwenye majina yake, soma shughuli zake za kila siku. Majaribio yanayokubandika aina moja ya tabia usiyajengee maisha; wengi wakiyarudia baada ya wiki chache hupata jibu jingine.

Sasa nije kwa mshauri. Wakala binafsi wa ajira si mshauri wako. Kwa kawaida analipwa na mwajiri, kwa hiyo atakusukuma kule ambako tayari una uzoefu, hata kama ndiko unakokukimbia. Anza na chuo ulichosoma, maana vyuo vingi huwahudumia hata waliokwisha kuhitimu, kisha ofisi ya ajira ya serikali kama ipo. Ukienda kwa mshauri wa kulipwa, muulize kabla ya kutoa hela: umesomea wapi ushauri? Tutakutana mara ngapi? Mwishoni nitaondoka na nini mkononi? Je, kuna chuo kinachokulipa ukinipeleka huko? Akikwepa hilo la mwisho, ondoka. Anayekuahidi kazi naye mwache.

Lakini msaada mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, hutoka kwa wanaoifanya kazi unayoifikiria. Tafuta watano, na mmoja wao awe aliyeiacha, kwa sababu huyo hana cha kulinda. Ujumbe uwe mfupi: "Habari za kazi. Nafikiria kuingia kwenye upimaji wa ardhi na ningependa kuielewa kazi hiyo kabla sijaamua. Naomba dakika 20 za simu, siku itakayokufaa. Siombi kazi." Sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua mlango, na ukiiandika uiheshimu. Usimuulize kama anaipenda kazi yake, utajibiwa kwa adabu tu. Muulize Jumanne iliyopita alifanya nini tangu alipofika hadi alipoondoka. Muulize ni kitu gani huwatoa watu kwenye kazi hiyo, na mtu wa umri wako akiingia leo huanzia ngazi gani na mshahara gani. Dakika 20 zikifika, aga mwenyewe, na umshukuru kwa maandishi siku hiyohiyo.

Usilipie kozi yoyote kwa sasa. Kusanya kwanza matangazo 20 ya kazi unayoitaka, uhesabu ni mangapi yanataja cheti cha kozi hiyo. Yakiwa mawili, hela yako itapotea bure. Yakiwa 15, cheti kina uzito, na hapo linganisha ada na muda, na uone kama unaweza kusoma bila kuacha kazi. Barua ya kuacha kazi usiandike mpaka uwe na akiba ya kulisha nyumba kwa muda wote wa masomo pamoja na miezi ya kutafuta kazi baadaye, na hiyo miezi watu huisahau kwenye hesabu.

Ukishayapata matangazo hayo, nitumie. Tutayasoma pamoja kwa simu, moja baada ya jingine.

Ndugu yako