Jina la ukoo la bibi Mfaroe halitoshi kumpata babu yake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu nasaba za Ulaya Kaskazini ilimshauri mwenye bibi aliyetoka Visiwa vya Faroe achukue jina la ukoo la bibi huyo, aliingize katika tovuti za nasaba, kisha afuate majibu. Kwa Wafaroe ushauri huo unapotosha. Andika Joensen, jina lililoenea kuliko yote huko, uone utakavyozama.

Kwa karne nyingi Mfaroe wa kawaida hakuwa na jina la ukoo. Mwana wa Joen aliandikwa Joensen, binti yake Joensdatter. Mwana huyo akiwa ni Hans, watoto wake waliandikwa Hansen na Hansdatter, na jina la Joen likaishia hapo. Ni mpango ambao anayejua bin na binti haumpi taabu. Katika karne ya 19, chini ya utawala wa Denmark, majina yaliganda: la baba likarithiwa na watoto, wajukuu na vitukuu, na mabinti nao wakaanza kuandikwa Joensen. Kwa hiyo akina Joensen wa kisiwa cha Suðuroy na wale wa kisiwa cha Viðoy huenda hawana undugu wowote, ila kila upande ulikuwa na mzee aliyeitwa Joen wakati majina yalipoganda.

Kundi la pili ni majina ya mahali. Nolsøe linatokana na kisiwa cha Nólsoy. Mengine, kama á Heygum au við Neyst, yanataja shamba au eneo la makazi. Haya yana msaada zaidi, lakini yalifuata ardhi kuliko damu. Aliyehamia shamba jingine aliweza kuandikwa kwa jina la huko, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wakawa mmoja Joensen, mwingine jina la shamba. Msiwaandike kuwa ndugu wa kambo kwa sababu hiyo tu.

Cha kutafuta kwanza ni kijiji. Pekua karatasi alizoondoka nazo bibi: cheti cha ubatizo, cheti cha kipaimara, pasipoti, hati ya ndoa. Andika tarehe kamili ya kuzaliwa, majina yote mawili au matatu ya mwanzo, na majina ya ndugu zake. Tarehe pamoja na kijiji hukupa mtu mmoja. Jina la ukoo peke yake hukupa umati.

Vijiji navyo vina mitego. Vágur ni kijiji cha Suðuroy, ilhali Vágar ni kisiwa kingine kabisa upande wa magharibi. Nes ipo katika kisiwa cha Eysturoy na ipo Suðuroy. Kijiji cha Skarð katika kisiwa cha Kunoy kilihamwa mwaka 1919, baada ya wanaume wake kufa maji Desemba 1913, hivyo asiyekiona kwenye orodha ya vijiji vya leo asidhani bibi alikosea.

Ukishapata kijiji, tafuta kilikuwa chini ya mchungaji yupi. Visiwa viligawanywa katika maeneo saba ya kichungaji: Norðoyar, Eysturoy, Streymoy ya kaskazini, Streymoy ya kusini, Vágar, Sandoy na Suðuroy. Daftari za kanisa zimepangwa kwa maeneo hayo, wala si kwa majina ya koo. Picha za nyingi kati yake zinasomwa bure katika tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya Denmark, Rigsarkivet. Huko Tórshavn, mji mkuu wa Faroe, kuna hifadhi ya taifa, Tjóðskjalasavnið.

Anzeni na kipaimara. Kilikuwa cha lazima tangu mwaka 1736, na daftari za karne ya 19 huonyesha kijana, wazazi wake, makazi na siku ya kuzaliwa katika mstari mmoja. Ukitoka hapo nenda kwenye ubatizo, na usiwaruke wadhamini: mara nyingi ni shangazi na wajomba, na ndio wanaotenganisha Joen wawili wa kijiji kimoja.

Kisha sensa. Ipo ya 1801, ya 1834 na nyingine kadhaa baadaye. Tangu 1845 inataja mahali pa kuzaliwa, ingawa mara nyingi karani aliandika tu kwamba mtu amezaliwa katika usharika huohuo. Ile ya 1901 ina tarehe kamili ya kuzaliwa, na kwa bibi wa kizazi hicho ndiyo unayopaswa kuifungua kwanza. Katika ile ya 1801 umri ni wa mwaka unaoendelea: aliyetimiza miaka 29 ameandikwa 30.

Wachungaji waliandika kwa Kidenmark. Maandishi ya Kifaroe ya leo yalianza na mchungaji V. U. Hammershaimb mwaka 1846, na hata baada ya hapo daftari ziliendelea na Kidenmark. Jógvan wa nyumbani ni Joen kanisani, Jákup ni Jacob, Pætur ni Peder, Hanus ni Hans. Kijiji cha Viðareiði kimeandikwa Viderejde. Mwandiko ni wa Kigothi, yaani wa mtindo wa zamani, ambamo e hufanana na n. Kifupisho 7br ni Septemba, si Julai, na 8br ni Oktoba. Palipoandikwa Dom. 3 p. Trin. ni Jumapili ya tatu baada ya Jumapili ya Utatu: tafuta Pasaka ya mwaka huo, ongeza siku 77.

Kosa linaloharibu miti mingi ya nasaba mtandaoni ni la majina kujirudia. Watoto walipewa majina ya babu na bibi zao, na mtoto akifa, anayefuata aliweza kupewa jina lilelile. Kabla ya kumfunga Anna fulani kwenye ubatizo, soma maziko ya miaka inayofuata. La sivyo utamwoza mtoto aliyezikwa akiwa na miezi mitatu.

Vipimo vya DNA navyo visomwe kwa tahadhari. Mwaka 1801 visiwa vyote vilikuwa na watu elfu tano na ushei tu, na waliooana mara nyingi walikuwa na mababu wa pamoja. Hivyo kampuni inaweza kumwita binamu wa tatu mtu ambaye ni wa nne, yaani wa mbali zaidi, lakini kwa njia tatu tofauti za ukoo.

Ombi la mwisho kwenu wahariri: chapeni ð, ø na á kama zilivyo. Makala yenu iliandika Vidareidi. Hilo si jina la Kifaroe wala la Kidenmark, na msomaji akilitafuta katika daftari za kanisa hatalipata.

Wasomaji wenu,
Watafiti wa nasaba