Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni, Kaunti ya Lamu: majina ya askari wetu yatafutwe ipasavyo

Mheshimiwa, assalaam aleikum.

Familia inayomtafuta kijana wake aliyekufa katika vita vya 1939–1945 huambiwa upesi kwamba jina halimo katika orodha za waliokufa. Mara nyingi limo, ila limeandikwa vingine. Tunaomba uweke dawati moja la msaada mjini Lamu, na karani wake afuate utaratibu huu.

Aanze na namba ya askari, pamoja na herufi zake, ikiwa imo kwenye kitabu cha malipo au barua ya jeshi. Jina lina tahajia kumi, namba ina moja. Namba ikikosekana, afungue orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ni bure kwenye intaneti. Aandike jina moja tu: kwanza la kijana, kisha la babake, maana la baba huenda liligeuzwa ukoo au likaachwa. Ajaribu Athman, Asmani na Othman. Shee, Shehe na Sheikh. "Bin" ailete mwisho, akishakwama.

Tarehe ndiyo hupoteza wengi. Wazee hukumbuka hitima, na hitima hufuata habari, nayo habari ya vita ilichelewa. Basi atafute mwaka mzima, hata miwili. Akisikia "alizama na meli", atazame kwanza 12 Februari 1944, Mfunguo Tano 1363. Siku hiyo nyambizi ya Wajapani iliizamisha meli ya askari Khedive Ismail karibu na Maldivi, meli hiyo ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu 1,297, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hao hawana kaburi. Majina ya askari wa kikosi hicho yako kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Aliyepotea Burma (Myanmar ya leo) bila kaburi atafutwe kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Taukkyan, karibu na Yangon.

Jina likipatikana, kikosi ndicho ufunguo wa habari zaidi. Shajara za vikosi vilivyopigana Burma ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, fungu WO 172. Zinaeleza kikosi kilikuwa wapi siku ile, ila askari wa kawaida hatajwi sana kwa jina. Familia iambiwe hivyo kabla ya kulipia nakala.

Wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, waliolibebea mizigo jeshi la Waingereza) wa 1914–1918 ni shughuli nyingine kabisa. Wengi hawakuandikwa majina kwenye makaburi wala minara, na sanamu yao ya ukumbusho ya Mombasa haina hata moja. Wasichanganywe na hawa.

Karani asibaki na karatasi ya mtu: apige picha pande zote mbili, amrudishie mwenyewe papo hapo.

Wako,
Watafiti wa historia, Lamu